Kelele za Chumba cha Dharura

Siku ya kwanza kuripoti idara ya dharura nilivaa viatu vipya, kosa ambalo muuguzi hulifanya mara moja tu maishani. Nilikuwa nimehamishwa kutoka kituo cha afya huko juu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako mgonjwa huletwa na majirani waliomtoa shambani kwake, na kila mmoja wao anamjua mpaka jina la babu yake. Hapa mjini Arusha nikakuta mabenchi yamejaa, spika ukutani inaita majina, watoto wanalia, na bodaboda imeingizwa mpaka mlangoni. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi wote wa hospitali ile, alinipokea huku anatembea. Hakusimama.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Wewe ndiye Sista Martha? Hapa kazi ni haraka. Mgonjwa akiingia unampima, unaangalia uzito wa hali yake, unampanga, unaita mwingine. Ukianza kubembeleza mmoja, mwenzake atakufia kwenye benchi."

Hakuwa mtu mbaya. Nasema hili mapema kwa sababu nitamlalamikia sana.

Wauguzi vijana wa Moshono, ninakoishi sasa, huniuliza tulifanyaje kazi zamani. Kwa mengi nawajibu kwamba tulifanya kama wao, ila kwa glavu chache zaidi. Lakini lipo jambo moja lililonichosha kuliko zamu zote nilizowahi kushika, nalo ni namna tulivyowapokea watoto wenye usonji.

Usonji si laana, wala hauambukizi, wala hautokei kwa sababu mama amedekeza. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyoumbwa. Mtoto mwenye usonji anaweza kusikia mlio wa taa ya dari kama wewe unavyosikia mashine ya kusaga. Mguso wa mtu asiyemzoea unaweza kumuunguza. Wengine hawasemi kabisa, na maumivu yao hayaonekani usoni kama ya watoto wengine. Sasa mchukue mtoto huyo, amevunjika mkono, mlete chini ya zile taa na ile spika, azungukwe na watu wenye makoti meupe. Atapiga kelele, atauma, atakimbia. Na sisi tulikuwa na dawa moja tu: "Mshikeni!" Mlinzi anashika mguu, mfanyausafi anashika mwingine, mjomba analalia kifua. Sindano inaingia. Mama anatolewa nje eti asituchanganye.

Nikiwa kule juu nilikuwa nimepelekwa kwenye mafunzo ya watoto wenye mahitaji maalumu, kwa hiyo nilijua kuna njia nyingine. Nilisema. Nilisema kwenye kikao cha asubuhi, nikasema wakati wa chai, nikasema mpaka wenzangu wakawa wakiniona nafungua mdomo wanamalizia wao wenyewe: "Mama aulizwe kwanza!" Kisha wanacheka.

"Sista Martha," Matroni aliniambia siku moja, "mtoto ni mtoto. Hata wangu walilia sindano, na leo wana ndevu."

Kesho yake, kwenye kikao, nikasema tena.

Ikaja siku ya Nembris. Alikuwa binti wa miaka kama kumi, hasemi, ameletwa mchana na mama yake, mwalimu wa sekondari anayeishi Njiro. Mtoto ana homa, ametapika tangu alfajiri. Ameziba masikio kwa viganja, anavuma kama nyuki, na kila baada ya muda anacheka. Kicheko chenyewe kikubwa, cha ghafla, mpaka benchi zima linageuka. Bibi mmoja akasema kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Huyo apelekwe kanisani."

Daktari wa zamu alikuwa kijana, mgeni hapo, na macho yake yalionyesha hajala tangu jana. Aliweka mkono tumboni, Nembris akacheka na kumsukuma.

"Mama, tumbo gani hili linalouma huku linacheka?" daktari akauliza. "Ni homa tu. Tutampa dawa ya kuzuia kutapika, mwende nyumbani."

"Hivyo ndivyo anavyolia, daktari," yule mama akasema. Alikuwa mtulivu kwa namna ya mtu aliyeshalieleza jambo hilo mahali pengi. "Akiumia sana, anacheka. Naomba umwangalie vizuri. Asishikwe kwa nguvu tu, hatakuruhusu tena."

"Sasa nitamwangaliaje kama hashikwi? Mlinzi! Njoo hapa. Na wewe, kaka, shika miguu."

Hapo nikasimama kati ya kitanda na mlinzi. Sina mwili mkubwa, lakini siku hiyo niliona kwamba korido zetu ni nyembamba na mwanamke mmoja aliyekasirika anaweza kuziziba. Daktari akasema namchelewesha. Nikamwambia ndiyo, namchelewesha. Mtu akamwita Matroni.

"Martha, tena?" Matroni akasema.

"Tena, Matroni. Nipe chumba cha kufungia vidonda, hakina mtu sasa hivi. Mtoto huyu akienda nyumbani bila kupimwa tumbo na likawa jambo la upasuaji, nani atakwenda Njiro kumweleza mwalimu huyu?"

Matroni alinitazama, akamtazama mama, kisha akatoa funguo mfukoni, akanipa. Naamini alitaka tu kelele ziishe.

Tuliingia wanne: mtoto, mama, daktari na mimi. Nikazima taa, mwanga wa dirisha ukatosha. Nikafunga mlango, spika ikabaki huko nje na majina yake. Mama akaketi sakafuni, Nembris akaketi kati ya miguu yake. Nikamwambia daktari avue koti. Alisita, akavua. Kisha nikafanya nilichofundishwa: kile kifaa cha kusikilizia mapigo nikakiweka kwanza kifuani kwa mama, halafu kwangu, halafu kwa daktari mwenyewe, polepole, mtoto akiona. Hatukusema maneno mengi. Mama alikuwa anaimba kitu cha Kimaasai chini chini, wimbo wa kulazia watoto.

Kule kuvuma kukapungua. Nembris akauvuta mkono wa mama yake, akauweka juu ya tumbo. Mama akamwashiria daktari kwa kichwa. Daktari akapiga magoti, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama, na mikono ile miwili ikashuka pamoja mpaka upande wa kulia, chini. Mtoto akakunja mguu wa kulia. Akacheka kile kicheko, na safari hii machozi yakawa yanamtoka.

Uso wa daktari ulibadilika. Akarudia mara moja tu, taratibu, akaachia.

"Kidole tumbo," akanong'ona. "Sista, waambie chumba cha upasuaji wajiandae. Sasa."

Waliomfungua walikuta kidole tumbo kimevimba na kinakaribia kupasuka. Nembris alipona. Yule daktari alikuja kukaa nami kwenye chai siku iliyofuata, akakoroga kikombe mpaka kikapoa, akasema, "Nilikuwa namrudisha nyumbani." Nikamwambia ale chapati.

Mngedhani mambo yaliishia hapo, hospitali ikajifunza. Wapi! Tuliandamana yeye na mimi mpaka kwa mganga mfawidhi, ndiye msimamizi wa hospitali nzima, tukaomba chumba kidogo cha utulivu.

"Wagonjwa wanalala wawili wawili," mganga mfawidhi akasema, "nyie mnataka chumba cha kukaa kimya?"

Baada ya kuombwa mpaka akatukimbia kwenye ngazi, alitupa stoo ya vitanda vibovu. Tukaisafisha wenyewe. Ikafanya kazi vizuri mno, mpaka wafadhili wakasikia. Wakaja kuizindua. Wakaleta vipaza sauti na kikundi cha ngoma, wakapaka kuta rangi nyekundu na njano za kuumiza macho, na juu ya yote wakatundika televisheni kubwa ya katuni. Katika chumba cha utulivu! Nilipouliza, mganga mfawidhi akaniambia nisiwavunje moyo wageni. Walipoondoka nikachomoa waya, nikauficha kabatini. Kila zamu mtu aliutafuta akauchomeka, nami nikauchomoa.

Kisha yule daktari akahamishwa mkoa mwingine. Wauguzi niliokuwa nimewafundisha wakapelekwa wodi nyingine mmoja mmoja. Akaja Matroni mpya, nikaanza upya: usonji si laana, mama aulizwe kwanza. Niliyasema maneno hayo mpaka siku ya kustaafu, nilipoagwa kwa keki na hotuba ndefu iliyosifu uvumilivu wangu. Uvumilivu! Mimi niliyegombana na kila mtu pale ndani.

Sasa nalima maharage na kunywa dawa za presha. Lakini wazazi wana namba yangu. Wiki iliyopita baba mmoja kutoka Themi alinipigia, mwanawe mwenye usonji ameanguka na kupasuka paji la uso. Nikamwambia nimestaafu, kisha nikavaa viatu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: haya ya mlinzi, haya ya muuguzi, na makali zaidi ya daktari.

Nilipofika pale hospitalini kwetu, mlinzi akasema, "Shikamoo mama, wako kule ndani." Nikaenda. Mlango wa chumba cha utulivu ulikuwa umefungwa, nikausukuma kidogo. Taa zimezimwa. Daktari, binti mdogo nisiyemjua kabisa, amekaa sakafuni bila koti, na baba anamweleza jambo kwa sauti ya chini naye anasikiliza. Muuguzi akageuka, akajiwekea kidole mdomoni.

"Samahani, mama," akanong'ona. "Hapa hatuongei kwa sauti. Subiri nje."

Nikarudi kwenye benchi na mkoba wangu, na ugomvi wangu wote nikiwa bado nao tumboni. Nikasubiri nje.