Kitanda nilichomtengenezea chef ili nipate tenda ya madawati

Wakuu, salamu kutoka Bukavu.

Mimi ni seremala, na haya ninayoyaleta yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa na jirani. Anayetaka kucheka acheke tu. Mke wangu alishaanza zamani.

Iko hivi.

Ofisi moja ya serikali hapa mjini ilitangaza tenda ya pupitres, yaani madawati, kwa shule za Katana na Luberizi. Mwenye kiwanja cha atelier yangu, yaani karakana, alikuwa ameshanipa préavis, nihame mwezi ukiisha. Nikiipata tenda ninabaki. Nikiikosa ninakwenda kupiga randa chini ya shemeji yangu. Shemeji yangu hamumjui, na Mungu awaepushe.

Nikapeleka dossier: bei, picha za kazi zangu, kipande cha mbao kama sampuli. Nikarudi nyumbani nikiwa na uhakika kabisa kwamba nimekosa.

Maana kwetu kila mtu anaamini kuwa karatasi haishindi. Anayeshinda ni mwenye mtu ndani. Ukisema umeomba tenda, hakuna anayekuuliza bei yako. Wanakuuliza una nani.

Ndipo akaja Tonton Gustave, mjomba wa kila mtu mtaani, suti ya kijivu, simu mbili, na hakuna anayejua anafanya kazi gani hasa.

"Dossier yako nimeiona," akaniambia. "Iko muzuri, lakini bila mutu itafia mu tiroir ya meza. Maman chef, mukubwa wa ile ofisi, ni kama dada yangu, nitakusemea."

Na hakutaka pesa, wakuu. Hapo ndipo aliponimaliza. Alisema chef amechoka na bahasha za watu, anachohitaji ni kitanda tu. Nikasema moyoni, huyu mama ana utu.

Nikatengeneza kitanda. Si kwa kujisifu, lakini kile kilikuwa kitanda. Mbao ya libuyu kavu, msumari hata mmoja huuoni, kichwani nimechonga maua mpaka vidole vikafa ganzi. Mke wangu, ambaye cha kwetu kinalia tangu tuoane, alikuwa akipita atelier anakipapasa, kisha anaondoka.

Chef anakaa Muhumba. Tonton akasema tusikipeleke huko, "sentinelle yake ya ku lango iko na mudomo murefu." Tukiache kwake, atakifikisha yeye mwenyewe polepole. Nikaona jamaa ana akili.

Wiki zikapita. Lundi moja, yaani Jumatatu, akarudi anatabasamu.

"Mambo inakaribia kuiva. Lakini chef anauliza armoire ya kupatana na kitanda. Milango tatu."

Milango mitatu. Nilikuwa sina mbao hata za stuli. Siku nne nikawaza, usingizi hakuna. Ijumaa asubuhi nikasema potelea mbali, nakwenda mwenyewe kumwomba mama huruma: atosheke na kitanda kwanza, kabati nitamtengenezea baada ya madawati.

Nikavaa suti ya ndoa. Vifungo viwili vilikataa.

Pale ofisini huissier, mhudumu wa mlangoni, akaniambia ningoje kwenye korido. Nikangoja nimeegemea valve, ule ubao wa kubandikia matangazo. Mgongo wangu wote ulikuwa juu ya karatasi za watu. Dakika kumi nikaitwa. Mlango niliouogopa miaka yote ukafunguka bila mtu wala simu.

Chef ni mama wa makamo, miwani ya mnyororo, uso wa mwalimu wa hesabu. Sekretari wake alikuwa pembeni anachapa. Sasa huwezi kutaja hongo mbele ya mtu wa tatu, kwa hiyo nikaamua kuzunguka.

"Maman chef, nimekuya tu kuuliza kama siku hizi unalalaka muzuri."

Kuchapa kukasimama.

"Papa, unasema nini?"

Mwenye akili angeishia hapo.

"Ile kitanda, maman. Kama iko fasi inalia, ninaweza kufika kwako nikaikaza. Na papa wa nyumba, yeye inamufaa?"

"Miye niko mujane," akasema.

Sekretari akainuka akatoka mbio. Nilimsikia huko nje anacheka kama mtu anayekabwa.

Basi nikamwaga yote: Tonton, libuyu, maua, armoire ya milango mitatu. Chef alisikiliza bila kupepesa macho. Akaniuliza jina, akavuta faili, akalisoma, akavua miwani.

"Papa, jina yako iko pa valve tangu lundi. Ulishinda. Mbao yako ilikuwa ya kukauka na bei ya haki. Leo saa sita njo mwisho ya kutia signature."

Wakuu, hesabuni siku. Lundi ndiyo siku aliyokuja Tonton kudai kabati. Alikuwa ameshasoma ukutani. Alikuwa ananiuzia ushindi wangu mwenyewe.

Nikaanza kucheka, lakini chef hakucheka.

"Kwa sheria, mutu mwenye anatoa kitu juu apate marché ya serikali, tunamufuta."

Ni kama nilimwona shemeji yangu amesimama mlangoni na randa mkononi. Kweli nilitoa hongo, tusifichane. Kwamba iliibiwa njiani hainifanyi malaika.

Chef akatazama saa, halafu faili langu. Kisha akanisukumia karatasi nyeupe.

"Ulishinda na mbao, hapana na kitanda. Andika yote, na jina yake. Uandike pia kama miye sikupata kitu."

Niliandika mpaka mkono ukauma. Akasoma, akaweka kwenye faili, akanipa kalamu nyingine kwa ajili ya mkataba. Saa sita kasorobo.

Siku hiyo hiyo alinipa polisi wawili tukaenda kwa Tonton. Hakuwepo. Mkewe alikuwa amelala kwenye kitanda changu, na alilia kuamshwa. Kitanda kikapelekwa ofisini kama ushahidi, kikawekwa kwenye korido, na sasa watu wanaongojea huduma wanakikalia.

Wiki iliyopita nimepeleka madawati ya kwanza. Nikamkuta chef peke yake koridoni, anakibonyeza kitanda kwa kiganja.

"Papa, hii ni libuyu ya kweli? Nikitaka ya vile?"

Sikujua ni mteja, ni mtego, au ndiyo mambo yanaanza upya.

"Maman, bei yake nitaibandika pa valve," nikasema. "Kila mutu asome."

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Oda bado hajaweka.

Funzo langu ni dogo: kabla hujatafuta mtu, soma ukuta. Sasa mnijuze wenzangu, yule mama alikuwa ananipima, au alikuwa anataka kulala vizuri tu?