Kondo la Farasi

Mwaka ule wa uhuru nilikuwa saisi, nikitunza farasi kwenye shamba la Mzungu mmoja upande wa Msambweni. Mzungu alikuwa akifunga mizigo. Majike waliokuwa bado wanazaa wangepelekwa bara kuuzwa. Walioharibika kizazi wangepigwa risasi. Alilisema hilo huku akinywa chai.

Kwa hiyo jike mwekundu alipozaa salama alfajiri moja, nilifurahi kuliko mwenye mali. Kondo la nyuma lilipotoka nililizika haraka nyuma ya banda, kama mama alivyonifundisha: kondo haliachwi juu ya ardhi mbwa wakalichezea.

Kesho yake jike hakula. Mwili ulimchemka, na uchafu wenye harufu ulimtoka. Akaletwa daktari wa mifugo kutoka Matuga, mtu mzima wa pwani, mpole. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza, "Kondo liko wapi, mwanangu? Nataka kuona kama limetoka lote."

Niliogopa. Nilidhani kulizika ndilo kosa, na Mzungu alikuwa amesimama pale pale. Nikasema mbwa wamelila.

Daktari akatikisa kichwa. "Basi sina la kushika. Nikiingiza mkono bure nitamzidishia maradhi."

"Mimi ngoja jioni tu," Mzungu akasema, akaenda kuchukua bunduki.

Mwongo mimi, na wa kufa ni jike.

Nikachukua jembe, nikafukua, ingawa kwetu kilichozikwa hakifukuliwi. Daktari alilisuza kondo, akalitandaza majanini. Lilikuwa na umbo la suruali. Mguu mmoja ulikuwa mzima. Wa pili haukuwa na ncha.

"Kipande kimebaki ndani," alisema, akavua shati. Alikitoa, kidogo kuliko kiganja, kinanuka vibaya, kisha akamsafisha kizazi kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Siku nyingine zika, lakini litandaze kwanza."

Jike alipona, akapelekwa bara pamoja na mwanawe.

Miaka michache baadaye mke wangu alijifungua. Mkunga alipotoka chumbani, jamaa wote walimwuliza ni wa kike au wa kiume. Mimi niliuliza kama kondo limetoka lote.

"Limetoka, baba, usiwe na hofu," akasema.

Nikamwomba alitandaze nilione.