Siku Utani Ulipoingizwa Kwenye Kompyuta

Juzi hapa Tangini, Kibaha, kwenye kibanda changu cha kushonea, redio ilikuwa na mjadala: je, kila mwananchi alazimishwe kuwa na kitambulisho cha taifa? Wateja wangu wawili wakadakia. Mmoja akasema, "Kwani kuna ubaya gani? Anayekataa ana la kuficha huyo." Nikazima redio. Nikamwambia achukue gauni lake aende nalo, mkono wa kushoto nitaumalizia siku nyingine. Alinitolea macho. Mimi si mtu wa kufukuza wateja, lakini neno hilo la kuficha linanipandisha mori. Mama yangu hana la kuficha, na nchi aliyozaliwa ilikuwa inamkana hivi hivi, mchana kweupe, kwa sababu ya mzaha.

Mnisikie vizuri. Kitambulisho sikikatai, ninacho mwenyewe kwenye pochi. Ninachokikataa ni hiyo lazima inayotubana sisi tu. Wewe lazima ulete karatasi, lazima upange foleni, lazima ujibu unavyoulizwa. Yule aliyekaa upande wa pili wa meza si lazima akuelewe.

Mama anaishi peke yake Kisarawe, ndani ndani huko, kwenye shamba la mihogo aliloachiwa na wazazi wake. Kitovu chake kimezikwa hapo hapo. Ana presha, na simu yake ndogo ya tochi ndiyo inayonipa mimi usingizi. Kila siku akishasali alfajiri ananipigia, "Nimeamka, mwanangu," basi, moyo wangu unatulia. Kibaha na Kisarawe ni mkoa mmoja, lakini mimi kufika kwake mpaka nizungukie Dar, na siku yote inaishia barabarani. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba laini isiyosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa itafungwa, roho iliniruka. Mama hakuwa nacho. Bila kadi hana laini, na bila laini akianguka shambani sitajua.

Sasa, jirani yake ni Mnyamwezi. Alikuja kijana kukata mkonge, mkonge ukafa, yeye akabaki, akaoa kwetu, akazeekea kwetu. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu mababu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani. Toka nipate akili sijawahi kusikia yeye na mama wakisalimiana kama watu. Akipita tu, mama atapaza sauti: "We mpagazi, leo umeiba kuku wa nani?" Naye atajibu, "Kuku wa Mzaramo siibi, wanakesha ngomani, hawana nyama!" Baba alipofariki, mzee yule aliingia kaburini akajilaza, akagoma kutoka mpaka alipwe, ndiyo haki ya mtani msibani. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mama pia alicheka, na ndiyo mara ya kwanza alikubali kunywa uji tangu msiba uingie.

Siku ya kuandikishwa nilimsindikiza mama ofisi ya kata. Mtani wake alitutangulia kwenye foleni, akatoa makaratasi yake ya zamani ya kazi, akamaliza bila shida. Mama hakuwa na karatasi. Alizaliwa nyumbani, mkunga alikuwa bibi yake mwenyewe, nani angemwandikia cheti? Kijana wa kwenye kompyuta akamuuliza, "Bibi, wazee wako asili yao wapi?"

"Hapa hapa, mwanangu."

"Nani anathibitisha?"

Mtani, pale mlangoni, angenyamaza vipi? "Asikudanganye huyo!" akasema. "Babu yake walimbeba babu zangu kutoka Kongo. Mzigo ukawalemea, wakautua hapa Kisarawe!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Mama hata hakugeuka. Akasema, "Ni kweli kabisa! Na ujira wao hatujawalipa mpaka leo, ndiyo maana huyu ameganda hapa anadai." Asiyejua utani atashangaa kwa nini hakukanusha. Kwenye utani hukanushi. Ukikanusha umeshindwa. Unalichukua neno la mwenzako, unaliongezea chumvi, unamrudishia.

Kijana hakucheka, vidole vyake vilikuwa vinaandika. "Kwa hiyo babu yako katoka Kongo. Umekiri mwenyewe."

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hao ni watani."

"Dada, hapa ni serikalini, hakuna utani."

"Basi futa."

"Maelezo ya mwombaji hayafutwi. Asubiri uchunguzi wa uraia."

Toba! Uchunguzi wa uraia, mama yangu! Nilipayuka pale mpaka mgambo akaja kunishika mkono. Na kilichonikera kuliko vyote ni kwamba kijana yule si mgeni wa utani. Lafudhi yake ilimtangaza kuwa ni mtu wa bara, na huko kwao ana watani wake, lazima anao, hakuna Mtanzania asiye nao. Alijua fika. Mkataa kwao mtumwa, wahenga walisema. Haya, na anayekataliwa na kwao tumwiteje?

Laini ya mama ikafungwa. Asubuhi ya kwanza nilishika simu mkononi mpaka chai ikapoa. Saa mbili ikaita, na ilikuwa namba ya mtani. "Mama yako hajafa bado," akasema, "anatuchelewesha tu, na mimi nina hamu na pilau la msiba wake." Nilicheka, kisha nikalia. Ikawa ndiyo kawaida. Kila siku mzee wa watu anaamka, anaenda kumchungulia mama, anarudi mpaka penye mtandao, ananitukania mama yangu, nami nashona kwa amani.

Tulikwenda ofisini, tukarudi, tukaenda tena. Njoo kesho, njoo wiki ijayo, mhusika yuko semina. Mwishowe tukaambiwa faili litafunguliwa kwa sharti moja. Yule aliyetaja Kongo aweke dole gumba kwenye maelezo kwamba alitoa taarifa za uongo kwa makusudi, na kwamba hatarudia.

Mzee alivua kofia akaishika magotini. "Uongo sikusema," akasema. "Nilimtania."

"Hapa hakuna pa kuandika utani, mzee. Kama si kweli, ni uongo."

Mama akasimama. "Usiweke kidole! Bora laini ife kabisa, sikubali uitwe mwongo kwa ajili yangu."

Yule mzee akamtazama. Nilimjua maisha yangu yote, lakini sikuwahi kumsikia akisema naye kwa sauti ya chini kama siku ile. "Ukianguka kule shambani, mtani, na mimi sipo, huyu mtoto ataambiwa na nani?" Akachovya kidole kwenye wino, akakandamiza.

Kadi ikatoka. Jina sawa, picha sawa, kazaliwa Kisarawe. Laini ikafunguliwa, na mama akarudi kunipigia kila alfajiri. Nilidhani yamekwisha.

Nilipokwenda kumtembelea tulikaa barazani asubuhi tukimenya mihogo. Mtani akapita na jembe lake begani. Mama akachangamka, akapaza sauti, "We mpagazi! Mzigo wa nani tena huo?"

Mzee akasimama, akavua kofia. "Hujambo, dada? Umeamkaje?"

"Dada nani? Matobolwa ya kwenu, viazi vikavu vile, yamekukaba leo?"

"Nimeamka salama, namshukuru Mungu. Niliahidi sitarudia, dada. Na uzeeni huku kuitwa mwongo mara moja kunatosha."

Akavaa kofia yake akaenda zake. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka akapotelea kwenye mikorosho. Nikamwambia, "Ataacha tu, mama, ni hasira." Akasema ni hivyo hivyo kila siku tangu kadi itoke, hujambo dada, kwaheri dada. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa kile kitambulisho, akakigeuza mbele na nyuma kwa mkono wenye utomvu wa mihogo, akanipa.

"Haya, mwanangu, wewe uliyesoma," akasema. "Siku nikifa, hiki ndicho kitakachoingia kaburini kugoma nisizikwe?"