Safari ya Mama Kwenda Tumbi

Baba alianguka kutoka kwenye mnazi nikiwa na umri wa miaka kumi. Hakufa. Dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya Kisarawe, alimtazama, akambonyeza miguu, akauliza kama anasikia. Baba akasema hasikii kitu. Tukambeba kwa machela hadi nyumbani, na tangu siku ile hakusimama tena.

Mama ndiye aliyekuwa miguu yake. Asubuhi alimwosha, akambadilisha nguo, akamgeuza ubavu ili asipate vidonda, akampikia uji, kisha akaenda shamba la mihogo. Adhuhuri alirudi mbio kumgeuza tena. Baba hakuwa mtu mkali, lakini aliita. Aliita akitaka maji, aliita nzi walipomsumbua, na mara nyingine aliita tu kujua kama mama yupo. Mama aliitika "Abee" kila mara. Mwaka wa pili sauti yake ya kuitikia ilikuwa imebadilika, ikawa kama ya mtu anayeongea usingizini. Niliisikia na sikujua nifanye nini.

Kisha mjomba, kaka yake mama aliyehamia Tumbi, upande wa Kibaha, akaleta habari kwamba binti yake anatolewa mwali baada ya mavuno. Mwali hatoki bila shangazi yake, na shangazi ni mama. Baba hakuweza kukataa. Dada yake baba akaja kukaa naye siku nne, na mimi nikaambiwa nimsindikize mama.

Tuliondoka alfajiri kwa miguu. Mwanzoni mama alitembea akigeuka nyuma. Tulipoushuka mlima na kuingia porini akaacha kugeuka. Akaanza kuongea. Alinionyesha mahali alipokuwa akiokota uyoga na wenzake kabla hajaolewa. Alisimama chini ya mti wa mabungo, akayapasua kwa jiwe, tukala mpaka meno yakaingia ganzi. Tulikutana na wanawake waliobeba mikeka, akatembea nao mwendo mrefu akicheka na watu asiowajua. Tulipofika Mto Mpiji, maji yakiwa ya magotini, aliketi katikati ya mto juu ya jiwe na khanga zake zikalowa, wala hakujali. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu anaweza kuketi tu.

Kwa mjomba alicheza ngoma siku mbili. Siku ya tatu alilala mpaka jua likawa juu, na hakuna aliyemwita. Siku ya nne nilifunga mzigo wetu, nikamkuta nyuma ya nyumba na mjomba.

"Sirudi, kaka," alisema. Alisema taratibu, kama anayeomba chumvi.

"Dada, mumeo yu hai."

"Najua. Sina ugomvi naye. Nimechoka tu, na nilikuwa sijui kwamba nimechoka mpaka nilipofika njiani."

"Na mtoto huyu?"

Mama akanitazama. Nilitaka kulia ili abadili mawazo, machozi hayakuja. Nilitaka kumwambia abaki, kwa sababu nilimwona pale mtoni. Hilo nalo sikulisema. Nilisimama na mzigo kichwani.

Mjomba alinirudisha mwenyewe, maana shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akitungoja. Baba alitusikia uani. "Mama yako yuko wapi?" akaniuliza.

"Anaumwa kidogo, shemeji," mjomba akajibu. "Atakuja."

"Anaumwa nini?"

Mjomba akanitua mzigo kichwani. Baba akageuza uso ukutani. Uso ndio pekee aliokuwa anaweza kuugeuza bila msaada.

Shangazi alikubali kubaki, akimlaani mama kila alipoinama kufagia. Mimi nikachukua kazi nyingine. Sikuweza kumgeuza baba peke yangu. Alikuwa mzito, na nilipomvuta mkono aliumia lakini akasema, "Samahani, mwanangu." Alisema hivyo kila siku. Ni afadhali angenigombeza. Vidonda vilimtoka kiunoni, tukaviosha kwa maji ya chumvi, na havikupona.

Mama alirudi mvua za vuli zilipoanza. Alipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Shangazi hakuitika. Baba ndiye aliyesema, "Karibu."

Mama akaketi chini karibu na kitanda. Baba akauliza, "Njia ikoje siku hizi?"

Nilidhani anamkejeli. Hakuwa anakejeli. Mama akamweleza habari za mabungo, wale wanawake wa mikeka, na jinsi Mpiji ulivyojaa wakati wa kurudi hata akavushwa kwa kushikwa mkono. Baba akauliza mti gani, kivuko kipi, nani kajenga wapi. Tangu aanguke sikuwahi kuwasikia wakiongea jambo lisilohusu mwili wake. Baba alipochoka, mama akamgeuza, akaviona vile vidonda. Akaenda kuchemsha maji.

Baada ya hapo alikwenda Tumbi kila mwaka baada ya mavuno, siku nane au tisa, na kila mara alirudi na maneno mengi ya kumweleza baba. Naye baba ndiye aliyeanza kumkumbusha, "Mavuno yamekwisha, hujaenda kwa kaka yako?" Baba akafariki mwaka wa nne tangu safari ile ya kwanza, mama akiwa nyumbani.

Lakini ninaloliona zaidi ni asubuhi ile alipoondoka mara ya pili. Hakuna aliyejua kama atarudi. Nilikaa kizingitini nikamtazama akishuka kilimani na mzigo mdogo. Ndani baba akasema, "Atarudi." Nilipoingia kumpa maji nikamkuta jasho linamtiririka shingoni, na nyumba ilikuwa ya baridi. Nikamfuta.