Siku Niliyokataa Kuonja Mvinyo wa Mama

Nianze kwa kukiri, ili msije mkayasikia kwa watu wa Kwihara ambao kila mwaka wanaongeza chumvi: ni kweli, mimi ndiye binti niliyelewa mchana kweupe mbele ya Bwana Maendeleo wa wilaya, na ni kweli nilimpigia saluti, ingawa hilo la kumwimbia wimbo wa harusi wamelitunga wao (nilimwimbia wimbo wa shule, tena ubeti mmoja tu).

Lakini aibu yangu haielezeki bila kumweleza mama. Mama yangu, Regina, alikuwa mtu wa safari. Babu yake alibeba pembe za ndovu begani kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, na mama alipenda kusema kwamba katika ukoo wetu miguu huzaliwa kwanza, mtoto hufuata baadaye. Hakuolewa. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, akahamishwa, na mama badala ya kumlilia alinifunga mgongoni akaenda kuomba kazi jikoni kwa mapadri, na huko, akiosha mapipa, akawa anamchungulia padri mmoja mzee anavyotengeneza divai ya misa, mpaka akaijua kazi yote bila kufundishwa neno. Tuliporudi Kwihara, nchi ikiwa ndiyo kwanza imepata Uhuru, zabibu hazikuwapo, basi akachukua kilichokuwapo: embe za ile miti ya njia ya misafara, zambarau, rosela, na asali ambayo aliifuata Goweko kwa treni. Mvinyo wake akaupeleka Tabora mjini, na mwingine akapanda nao malori mpaka Igunga. Bado namwona akiondoka, amekaa juu kabisa ya mzigo, kilemba chekundu kichwani, mkono mmoja ameshika kreti ya chupa na mwingine ananipungia, anacheka na upepo.

Basi ukaja Ujamaa, tukahamia kwenye nyumba za mistari, na kamati ya kijiji ikaanza kuzungumza habari za pombe. Mwenyekiti wetu, Mzee Kasanda (si mtu mbaya, ila aliogopa wakubwa kuliko simba), alitaka mitungi ya mama imwagwe. Mama akasimama mkutanoni akasema embe zinaozea chini kila msimu, kwa nini mvinyo usiwe mradi wa kijiji? Wakabishana wiki mbili, mwisho wakakubaliana: Bwana Maendeleo atakuja kuonja mwenyewe. Akiukubali, mradi. Akiukataa, mitungi imwagwe na mama asitengeneze tena maisha yake yote. Nasi hatukuwa na kitu kingine cha kutulisha.

Kwetu anayemimina ndiye anayeonja kwanza, mgeni amwone akimeza, ajue hakuna kitu ndani. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Mama akaniambia yeye atasema na mimi nitamimina, na tukaipanga mitungi minne uwanjani, imefunikwa vitambaa vyeupe alivyovifua mara tatu.

Sasa, mimi wakati huo nilikuwa kidato cha tatu, nimekuja likizo, na shuleni nilikuwa nimejiunga na chama cha kuacha vileo. Nilikula kiapo, nikapewa beji, na beji hiyo niliivaa hata shambani. Tena (hapa ndipo napenda kukohoa kidogo) kwenye fomu ya shule, mahali pa kazi ya mzazi, nilikuwa nimeandika nesi.

Landrova ikafika. Akashuka Bwana Maendeleo katika Kaunda suti yake, na nyuma yake akashuka Mwalimu Ponsiana, mlezi wa chama chetu, ambaye alikuwa amekuja kukagua darasa la kisomo cha watu wazima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akafurahi kweli kuniona, akasema leo hataondoka kabla hajamwona mama yangu, yule nesi. Nikasema yuko kazini. Wakati huo huo mama alikuwa hatua kumi kutoka pale, anahutubia habari za embe.

Zamu yangu ikafika. Nikamimina bilauri ya kwanza, nikamtazama Mwalimu Ponsiana, nikaitazama beji, na nikampa mgeni moja kwa moja. Bwana Maendeleo akaishika ile bilauri kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Binti, mbona hukuonja?"

Ningesema nimekula kiapo, yangekwisha. Lakini nikaogopa kwamba maneno yataanza, na maneno yakianza yatafika kwa nesi. Nikasema, "Tumbo linaniuma, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Bibi Kabula, jirani yetu, akasema kutoka kwenye mkeka wake, "Na jana alishinda wapi, kama si huko huko kwenye mitungi?"

Jamani. Seremala mmoja aliyekunywa mvinyo ule siku tatu nyuma akaanza kujishika ubavu. Mwingine akakumbuka mbuzi aliyekula machicha ya embe za mama akafa (mbuzi huyo aligongwa na lori, kijiji kizima kilimla nyama). Bwana Maendeleo akaiweka bilauri chini polepole. Mzee Kasanda akasema imwagwe, na wanamgambo wawili wakaanza kukunja mikono ya mashati.

Mama akaja, akaichukua ile bilauri, akainywa yote. Haikusaidia. Bibi Kabula akasema mpika sumu hakosi dawa yake. Hapo mama akageuka akanitazama, si kwa hasira, ila kama mpagazi anavyomtazama mwenzake aliyetua mzigo katikati ya pori. Akasema kwa sauti ya chini, "Vero, wewe ni mwanangu au si mwanangu?"

Nikamimina, nikanywa. Watu wakasema huo ni mtungi mmoja, je, wa pili? Nikanywa wa pili. Wa zambarau nikaunywa kwa haraka, nikaambiwa hawakuona vizuri, nikaurudia. Kufika mtungi wa nne niligundua kwamba watu wa Kwihara wote ni wazuri sana wa sura, hata Bibi Kabula. Nikapiga saluti. Nikaimba. Nikaivua beji nikambandika Bwana Maendeleo kifuani, nikampongeza, na watu wakacheka mpaka mikeka ikajikunja.

Kisha nikamgeukia Mwalimu Ponsiana, na kicheko bado kikiendelea nikasema, "Mwalimu, mama yangu si nesi. Ni huyu. Nilidanganya kwa sababu nilimwonea haya."

Sikumbuki uso wa Mwalimu. Nakumbuka mama akishughulika kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Bwana Maendeleo alisubiri kidogo, akaona sifi, akaonja. Akaonja tena. Akasema iandikwe kuwa ni mradi wa kijiji, na huyu mama ndiye fundi wake. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akashukuru kwa heshima, lakini sikuuona uso wake wa juu ya malori.

Alinipakia kwenye baiskeli akaisukuma hadi nyumbani, akisimama kila nilipotaka kutapika. Nikamwomba radhi, ulimi mzito. Akasukuma, akasukuma, mwishowe akasema, "Unesi si kazi mbaya. Ila siku nyingine ukitaka kunipa kazi, uniulize kwanza."

Hakulirudia tena neno hilo maisha yake yote, na ndiyo maana halijanitoka. Mwaka juzi tulipomzika, katekista aliyekuwa akiandika wasifu wa marehemu alinivuta kando akanishauri tuandike mkulima, kwa heshima ya madhabahu. Nilimwambia aandike mtengeneza mvinyo, aandike kwamba alinilea peke yake, na ausome kwa sauti. Akaniuliza kama sitaona haya mbele ya watu wote wale. Nikamwambia haya yangu yote ilikwisha siku moja, mbele ya watu hao hao, na sikubakiza hata kidogo ya kumwonea mama.