Namba Niliyoisoma Bila Kuiona

Nianze na ujinga wangu, maana watu wakiisikia habari hii kwa mdomo wa wengine huwa wanawalaumu wasiohusika. Nilisoma namba ambayo sikuiona. Niliinama mbele ya injini ya landrova kuukuu, kadi ya gari nikiwa nimeikunja kiganjani, nikataja tarakimu moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, kana kwamba nazitoa kwenye chuma. Baba akaitikia kila moja, "Mh." Nilipomaliza akasema, "Ni yake." Gari likawa letu.

Nilikuwa kidato cha pili. Sasa niko cha tatu, na katikati hapo nimezeeka.

Kwetu ni Nyambureti, tunalima. Dhahabu iko upande wa Tarime, kule Nyangoto, na mwaka huo ilikuwa imewaingia watu kichwani. Kinyozi wetu alimwacha mteja na nusu ya nywele akaondoka. Mwalimu mmoja aliomba ruhusa ya kuumwa, akaonekana huko amebeba nyundo, ana afya kuliko sisi sote. Kaka yangu alikuwa ameshatangulia. Alirudi siku moja mweupe kwa vumbi, kope hadi vidole, akamwambia baba kwamba shimoni kila mtu anachoka sawa, lakini anayekula ni mwenye gari la kusomba mawe kutoka kwenye mashimo kwenda kwenye karasha, mashine za kuyasaga. Barabara ya huko inaua magari madogo. Inatakiwa landrova ya zamani, ile ya bodi ndefu.

Sasa, tulikuwa na ng'ombe wanane. Walikuja kwetu dada alipoolewa, na kwa taratibu zetu ng'ombe wa dada ni wa kaka, wa kuolea mke. Kaka alishapata mchumba. Baba wa yule binti alikuwa amesema atasubiri mpaka ulezi uvunwe, basi, maana kuna mwingine anapiga hodi na ng'ombe wake mkononi. Baba na kaka wakakaa wakakubaliana: wale wanane waende mnadani, wawe gari, gari lisombe mawe, kabla ya mavuno liwe limeshaleta wanane wengine na wa ziada.

Mama alikuwa pembeni anapepeta mahindi. Alisema, "Gari halizai." Wanaume wakaendelea na mazungumzo.

Mimi niliingizwa kwa sababu ya macho. Baba anajua kusoma, ila macho yake yameisha. Maandishi ya kwenye kadi anayaona kama sisimizi wamemwagika. Akaniambia, "Mura, wewe ndiye utasoma. Namba ya kwenye kadi na ya kwenye injini. Zikipishana, tunaondoka."

Tulianza Turwa, pale mjini Tarime. Tulifika mchana mgongo wangu ukiwa umegawanyika vipande. Mwenye gari alikuwa fundi, Mwislamu wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Pwani, na kofia yake ya kufuma ilikuwa nyeupe zamani za kale. Huyu hakutuficha kitu.

"Shikamoo, mzee wangu. Nikwambie kabla hujachoka bure: injini si yake. Yake ya petroli ilikufa. Nimefunga ya dizeli, ya lori dogo la Kijapani."

Baba, aliyekuwa analizunguka gari kama anayetaka kulichumbia, akasimama. "Si yake?"

"Si yake. Lakini nilipeleka likakaguliwa, na namba mpya imeandikwa kwenye kadi. Mwambie kijana asome."

Siku hiyo nilisoma kweli. Namba ilikuwa chini ubavuni mwa injini, imefunikwa na oili na vumbi vilivyoshikana kama ukoko wa sufuria. Fundi akanipa tambara lenye dizeli. Nilisugua mpaka bega likafa ganzi. Zikafanana zote, mwanzo mpaka mwisho.

Fundi akatueleza, na mimi niliyechoka nikasikiliza kuliko ninavyosikiliza darasani. Injini ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, alisema, ina raha yake. Kila bolti iko mahali pake, giaboksi inaijua, rejeta inaitosha, na fundi yeyote akifungua boneti hashangai. Ila hiyo ya petroli inakunywa kama ng'ombe aliyetoka mnadani, na ikiharibika spea zake utazitafuta mpaka Mwanza. Injini ya kufungwa, hii ya dizeli, haina njaa, na spea zake hata muuza maandazi anazo. Ubaya wake uko kwa aliyeifunga. Kama alichomelea vishikizo ovyo, gari litatetemeka mpaka meno yakutoke. Ubaya mwingine ni karatasi.

"Karatasi zikiwa safi, mzee, mimi kwa kazi ya mawe ningechukua hii."

Sasa ili mumwelewe baba lazima mjue jambo moja. Kwetu ng'ombe husomwa. Kila ukoo una mkato wake wa sikio na chapa yake ya moto pajani, na ukikutwa na ng'ombe mwenye alama isiyo yako, hata uwe na barua ya nani, utatazamwa vile. Baba aliwahi kuibiwa dume. Miaka miwili baadaye alimkuta mnadani, na masikio yalikuwa yamekatwa upya. Alimjua kwa macho. Hakuweza kumrudisha, maana sikio lilisema vingine.

"Hii kadi iliyoandikwa upya," akamwambia fundi kwa upole, "ni sikio lililokatwa upya."

Fundi alicheka mpaka akashika boneti. "Mzee wangu, hili ni gari!"

"Najua ni gari. Ndiyo maana nimekuja mchana."

Tukarudi mikono mitupu, au tuseme yangu ilikuwa imejaa oili. Mama amenipigia kelele za kunawa tangu nilipoota meno. Jioni hiyo alinisimamia mwenyewe. "Huli na mikono hiyo." Nikapewa majivu, mchanga na gunzi la hindi. Nilisugua mpaka ngozi ikaomba msamaha, na bado shuleni Jumatatu mwalimu wa zamu alinitoa mstarini, eti nimetoka kufukua nini.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Mugumu. Pale kulikuwa na bwana mifugo, mtu wa mkoa wa mbali, aliyekuwa amehamishwa na anauza kila asichoweza kubeba. Baba alimwamini sana, kwa sababu amechanja ng'ombe wetu miaka yote na hakuna aliyekufa kwa sindano yake. Vitanda vilikuwa vimeshatolewa nje, kuku wamefungwa miguu.

"Mzee, nilivyolikuta ndivyo ninavyoliuza," alisema. "Petroli. Injini ni yake, mimi sijabadilisha chochote."

Uso wa baba ukafunguka. Akalizunguka. Akalipiga kofi ubavuni, akasikiliza mlio. Akalichungulia mbele kama anayehesabu meno.

"Baba, usisahau kuangalia kama lina mimba," nikasema.

"Nyamaza, usome."

Nikainama. Injini ilikuwa imetoka kuwashwa ili tuisikie, na namba iko jirani kabisa na bomba la moshi. Joto lilinipiga usoni. Oili na vumbi vilikuwa vimelala pale unene wa kidole. Tambara hakuna, limeshafungwa kwenye mizigo. Vidole vyangu ndiyo kwanza vilikuwa vimerudia rangi yake. Nilikuwa nimechoka: nimechoka kuamka alfajiri, nimechoka jua, nimechoka magari ya watu, nimechoka kuwa macho ya mtu mwingine. Najua huo si utetezi. Nikaifungua kadi kiganjani, nikainama zaidi, nikaanza kutangaza taarifa ya habari.

"Mh," baba akaitikia. "Mh. Mh. Mh."

Kaka alikuja akaliendesha hadi nyumbani. Watoto wa jirani walilikimbilia. Mama alipakua ugali, nikakaa, nikala. Alinitazama mikono, akanitazama usoni, akaniongezea mboga.

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo, maana uongo nilikuwa nimeshaumaliza. Kaka alisomba mawe tangu kunapokucha. Petroli ilikuwa inaondoka kama alivyosema fundi, lakini mizigo haikuisha, na mara moja tu gari lilikwama likakaa siku mbili kwa fundi wa palepale Nyangoto. Likarudi kazini. Baba akaanza kuulizia mitamba minadani. Kaka akanyoa ndevu.

Likabaki jambo moja, kadi iandikwe jina la baba. Tukalipeleka Tarime likakaguliwe, baba, kaka na mimi. Mkaguzi wa magari alikuwa mtu mtaratibu. Alifungua boneti, akatoa kitambaa, akafuta mara tatu. Mara tatu tu. Akasoma, akatazama kadi, akasoma tena. Namba zilipishana kuanzia tarakimu ya pili.

"Injini ni ya aina hiyohiyo, ila imetoka kwenye gari lingine," akasema. "Nani alikagua mkinunua?"

Baba akaniwekea mkono begani. "Huyu. Anasoma sekondari. Alizitaja zote mbele yangu, na mimi nikaitikia."

Mkaguzi akanigeukia. "Ulizisoma?"

"Ndiyo, shikamoo," nikasema. Hiyo shikamoo ilitoka yenyewe.

"Basi imebadilishwa mkiwa nalo ninyi. Gari litabaki hapa mpaka tujue injini hii ni ya nani."

Njia nzima baba alikuwa anatembea kwenye akili yake, hatua kwa hatua, kama anayefuata kwato za ng'ombe aliyeibwa. Mugumu namba ilikuwa sawa. Tarime si sawa. Katikati kuna Nyangoto, siku mbili kwa fundi, na mtu aliyelipeleka kwa fundi. Tulipofika uani akamgeukia kaka.

"Injini yangu umemuuzia nani?"

Kaka alicheka. Akanitazama mimi, maana utani nyumbani kwetu ni kazi yangu, akafikiri ni mimi nimempa baba maneno hayo. Nikaangalia chini. Kicheko kikamwisha.

"Baba, wale walikuwa ng'ombe wangu. Ningejiibia?"

"Mdogo wako alisoma," baba akasema. Hakupaza sauti, na ndiyo iliyokuwa mbaya. "Yeye alisoma, na gari ulikuwa nalo wewe."

"Na wewe unaamini?"

"Sikio limekatwa upya. Unataka niamini nini?"

Kaka akachukua koti lake kwenye kamba, bado bichi, akaondoka bila kula.

Siku tatu zikapita. Ulezi ulianza kukatwa mashamba ya bondeni. Baba alikwenda Tarime, akarudi. Akaenda tena, akarudi, na viatu vyake vilionekana vimechoka kuliko yeye. Habari ikamfikia baba wa yule binti kwamba mkwe mtarajiwa amemwibia baba yake mzazi. Akatuma mtu kuuliza, si kwa ukali, kama ni kweli. Mimi niliacha utani. Watu wakadhani ni malaria, nikaletewa dawa, nikainywa. Ilikuwa chungu na nilistahili.

Siku ya nne, jua limeanza kulala, nilimkuta mama jikoni anamenya mihogo. Nikakaa kwenye kigoda cha pili. Nikamwambia yote: kadi kiganjani, bomba la moshi, uvivu, "mh" zote za baba. Nilijaribu kuweka kichekesho katikati, kikanikwama.

Gari bado liko uani kwa mkaguzi kule Tarime, mbuzi wanalala chini yake. Bwana mifugo alipopatikana kwa simu aliapa kwamba na yeye alilikuta hivyo, hakuwahi kuifuta injini ile wala kusoma chochote, na mimi namwamini, maana najua inavyokuwa. Yule fundi wa Turwa aliuza lile lake la dizeli. Huwa naliona likipita na mawe. Kaka bado hajaoa. Tunasalimiana. Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile mama hakuacha kumenya. Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akautia majini, akafuta kisu kwenye kanga, akasema:

"Siku ile ulirudi kutoka Mugumu na mikono misafi. Nikaona. Nikasema moyoni, labda leo huyu mtoto kanawa. Inuka, twende kwa baba yako. Nitaanza mimi."