Kidonda Kilichonyamaza

Kosa ni langu, ndugu zangu, msinitafutie kisingizio. Nilikuwa nachanganya mafuta ya kung'arisha ngozi nyumbani kwangu hapa Kasha, na mtu wa kwanza kumpaka alikuwa mdogo wangu mwenyewe.

Neema alikuwa anajiandaa kwa mahari yake. Alikuwa anauza nyanya sokoni Kamanyola, na jua la kule bondeni halina huruma. Nikamwambia familia ya bwana harusi haiwezi kumkuta mweusi vile. Ndiyo, nilisema hivyo! Kwenye ndoo nilitia losheni, dawa ya maji ya kuchubua, na tyubu za ile dawa ya ngozi ambayo madaktari huandika kwa siku chache tu. Sisi tulipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa miezi.

Alitakata. Mtaa mzima ulimsifu, nami kichwa kikavimba. Jua lilipoanza kumbabua, niliongeza mafuta.

Kisha kiatu kikamchubua kifundo cha mguu. Pakawa pekundu, pakavimba. Nikapapaka mchanganyiko uleule, na kesho yake wekundu haukuwepo.

"Yaya, haiumie tena," akaniambia, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya.

"Unaona? Iko napona. Endelea tu kupakaa."

Jamani, nilifurahi! Kidonda kilibaki wazi lakini kimenyamaza, hakina usaha wala joto, nasi tukaendelea kuchagua vitenge. Mpaka siku alipoanza kutetemeka kwa homa pale sokoni, mguu umebadilika rangi hadi karibu na goti.

Hospitalini daktari aliuliza: "Maman, muliweka nini kwa hii kidonda?"

Nikamweleza yote.

"Ile wekundu ndiyo mwili ilikuwa napigana," akasema. "Ndani ya ngozi kuko chembe zenye zinachunga. Mikrobe ikiingia, zinaita zingine. Jua kali inazichokesha, na hii dawa yenu inazilalisha. Mikrobe ilipita, hakuna yenye iliita."

Walimkata mguu juu ya goti. Familia ya bwana bado inasema itakuja, lakini haisemi lini.

Neema anaamini amerogwa, nami sijamwambia ukweli. Naogopa macho yake. Majuzi alinishika mkono pale kitandani: "Yaya, uniletee mafuta kidogo, nisionekane mubaya bashemeji bakikuja." Nikajifanya nimeitwa nje.

Jana nilikuwa namenya viazi, kisu kikanikata kidole. Mikono hii ndiyo iliyokuwa inakoroga ile ndoo, bila glavu. Nimekitazama kidole tangu asubuhi. Hakijawa chekundu. Hakiumi.

Dada zangu, hasa nyinyi mnaoendelea kubisha mlangoni kwangu kuulizia mafuta: nendeni hospitali, mkaseme bila aibu mnachojipaka. Na kidonda chako kikinyamaza upesi namna ile, usifurahi.